Nani Atateremka Kwanza Kwenye Kware?

Vijana, Jumamosi mlipokuja hapa kwangu Kawangware, niaje mzee, niaje mzee, mpaka mbwa wa jirani akachoka kubweka, nilijua mna jambo. Vijana hawaji kunywa chai ya mzee bure. Mkakaa, mkanywa, mkaanza kunieleza habari za lile shimo la kware, la kuchimbia mawe, lililoachwa huko nyuma, mnavyotaka kulifanyia kazi. Huyu anataka kufuga samaki. Huyu anataka uwanja wa mpira. Yule msichana wa miwani anataka mahali akina mama watauza mboga bila kufukuzwa. Mawazo mazuri, sikatai. Mimi nikawauliza swali moja tu: nani kati yenu ameshateremka huko chini akakaa? Mkaangaliana, mkacheka. Hapo ndipo nilipoanza kuwashuku.

Msinune. Mimi humshuku kila mtu. Nikipewa chenji naiangalia mbele ya mwenye duka, hata akiwa ni shemeji yangu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikifika mbinguni nitauliza kwanza geti hili amelijenga nani. Lakini tabia hii sikuzaliwa nayo kule Kitui. Niliipata kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ya mawe.

Kware yetu ilikuwa Kibera, ukiteremka upande wa Mashimoni. Hiyo ni miaka ya baada ya uhuru, Nairobi ikijengwa kila upande, na kila aliyejenga alitaka mawe. Niliingia kama mchonga mawe. Unapewa nyundo na patasi, unapewa jiwe, unaambiwa lifanye liwe na pembe. Siku ya kwanza nililipiga kwa nguvu zangu zote za ujana, likapasuka vipande kama viazi. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Makokha, Mluhya mfupi mwenye mikono kama koleo, na ndiye aliyekuwa fundi wa baruti pale. Aliokota kipande kimoja akakiangalia, akanitazama. "Mutinda," akasema, "hujalisikiliza." Akagonga jiwe zima kidogo tu, likalia vizuri kama kengele. Akagonga jingine lenye ufa ndani, likatoa sauti ya bubu. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini jiwe kwa macho. Hata tikiti maji sokoni nagonga kwanza.

Baadaye akanitoa kwenye kuchonga, akanipa filimbi. Msidharau filimbi. Kabla ya baruti kuwashwa, mimi ndiye niliyepuliza mlio mrefu, nikasimamisha bendera nyekundu juu ya ukingo, na watu wote wakatoka shimoni. Makokha akiwasha tambi ya baruti naye anapanda, tunalala nyuma ya mawe. Kisha tunahesabu. Kama ametega baruti kwenye matundu kadhaa, lazima usikie milipuko idadi hiyo hiyo. Ukisikia mmoja umepungua, hakuna kuteremka, kwa sababu kuna baruti iliyolala huko chini na hujui itaamka saa ngapi. Zikitimia zote, na vumbi likatua, ndipo napuliza milio mifupi mifupi, maana yake ni salama, watu warudi.

"Hesabu mwenyewe," Makokha alikuwa akiniambia kila mara. "Usimwulize jirani. Jirani naye alikuwa anangoja kukuuliza wewe." Na alipenda sana kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyinyi hiyo mlifundishwa shuleni kama methali. Kwetu ilikuwa sheria ya kazi.

Siku moja nilipuliza filimbi kabla ya wakati. Kulikuwa na mchonga mawe mmoja mnene aliyekuwa akijisaidia kwenye kichaka cha chini. Alipanda ule ukingo mbio, suruali mkononi, akatokea katikati ya kina mama wa mtaa wa Makina waliokuwa wakipita kwenda harusini, wamejifunga nguo zao nzuri, wananukia udi. Sijui nani alipiga kelele zaidi, wao au yeye. Kwa wiki nzima hakunisalimia. Lakini alikimbia, si ndiyo? Hiyo ndiyo heshima ya filimbi. Hakuna aliyesimama kuuliza kama ni kweli.

Sasa, chini kabisa ya kware, penye kivuli cha ukuta wa jiwe, ndipo palipokuwa na jiko la Mama Nafula. Mawe matatu, sufuria ya uji asubuhi, githeri ya mahindi na maharagwe saa sita, chai wakati wowote. Alikuja Nairobi kutoka Magharibi akimfuata mumewe, mume akapotelea huko anakojua mwenyewe, akamwachia watoto watano. Hao watano walikula, wakavaa na wakaenda shule kwa moshi wa lile jiko. Ule ukuta wa jiwe nyuma yake ulikuwa umeshika masizi mpaka ukawa mweusi kama punda wa makaa. Nikipuliza filimbi anafunika sufuria, anapanda bila haraka, na akirudi anapuliza moto ule ule. Hakuna mchonga mawe aliyekula mahali pengine.

Kisha kware ikafungwa. Nyumba zilikuwa zimesogea karibu mno, mabati ya watu yakawa yanatoboka kila tukipiga baruti, na mawe mazuri nayo yalikuwa yakiisha. Mahali pengine walishaanza kukata mawe kwa mashine, yanatoka yamenyooka kama mkate wa slesi. Tulilipwa, tukatawanyika. Wengine tukapata vibarua vya ujenzi. Mama Nafula hakutawanyika. Alibaki huko chini na mawe yake matatu, akipikia watu wa mjengo na wapita njia waliokata njia kupitia shimoni.

Ndipo mawazo yakaanza, kama haya yenu. Jumapili jioni watu wanakaa juu ya ukingo, wanaangalia lile shimo kubwa tupu, kila mtu anaona chake. Wazee wa Makina walitaka soko la mbuzi. Watu wa kwaya walitaka mahali pa kukesha na kuomba, wakisema ukuta wa jiwe unarudisha sauti vizuri. Vijana walitaka mpira. Mama Nafula naye akasimama akasema wazo lake: hapo chini pasikatwekatwe. Paachwe wazi, patandazwe udongo, watoto wacheze, watu waanike nguo, wauzaji wakae pembeni, na yeye abaki pale pale alipo.

"Bila hili shimo sina jiko," akasema, "na bila jiko sina nyumba. Nawaambia waziwazi."

Waziwazi! Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu akikuambia waziwazi anachotaka, mimi najiuliza kile asichoniambia kiko wapi. Na sikuwa peke yangu. Watu wa kwaya waliwashuku wa mbuzi, wa mbuzi waliwashuku vijana, na sisi tuliochonga mawe tuliwashuku wote, kwa sababu jasho lililomwagika mle lilikuwa letu. Kila mkutano ulivunjika bila neno.

Katikati ya hayo akatokea yule bwana wa futi. Simjui jina hadi leo. Viatu vinang'aa, mkononi ana futi ya kupimia, ile ya kuvuta. Na aliyekuwa akimzungusha chini ya kware ni nani? Mama Nafula! Anamwonyesha huku, anamwonyesha kule, anamshikia ncha ya futi. Nilikuwa juu ya ukingo. Moyo ukaniambia, haya, Mutinda, ndiyo hiyo.

Kesho yake nilimfuata Mama Nafula mpaka Makina alikoenda kununua mahindi na maharagwe. Nikajificha ndani ya duka la nguo, mtu mzima mimi, nikijifanya napima kanzu. Nikamwona yule bwana amesimama naye, wanaongea kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa, mama akatikisa kichwa, wakaagana. Mwenye duka akaniuliza kama kanzu imenitosha. Nikamwambia inabana.

Nikawaita wenzangu wa kazi. Nikawaambia, huyu mama ametuuza. Tumemlisha miaka yote hii. Mmoja akasema, "Lakini si yeye ndiye alikuwa anatulisha?" Nikamwambia anyamaze. Tukakubaliana jambo moja: yule bwana akirudi na futi yake, tutamwonyesha kware ni nini.

Akarudi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka vizuri, yuko chini na Mama Nafula anavuta futi yake kutoka ukuta hadi ukuta. Nikatoa filimbi yangu, nilikuwa nimeihifadhi, nikapuliza ule mlio mrefu. Mwenzangu akasimamisha kitambaa chekundu. Na wachonga mawe wote waliokuwa wamejipanga ukingoni wakapaza sauti kwa pamoja, "Baruti! Baruti! Toka!"

Woi! Yule bwana aliacha futi ikarudi yenyewe kama nyoka. Akapanda ule ukingo kwa mikono na magoti, kiatu kimoja kikabaki, akatupita bila hata kutuangalia. Watu wa Mashimoni walikuwa wametoka nje ya nyumba wakimwangalia anavyokata kona. Tulicheka hadi mmoja wetu akakaa chini akishika mbavu.

Kisha nikaangalia shimoni. Mama Nafula hakuwa amekimbia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, amefunika sufuria, anatuangalia. Tukateremka kwa hasira. Nikamuuliza, "Mbona wewe hukutoka?"

"Nitoke niende wapi? Baruti ni ya nani? Makokha ndiye fundi na nimempita njiani akinyoa ndevu." Akachochea moto. "Asanteni. Sikuwa nimewaomba, lakini asanteni."

Akatueleza. Yule mtu alikuwa ametumwa na tajiri mmoja aliyetaka kulizungushia shimo mabati na kuegesha malori yake. Alimwendea Mama Nafula kwanza kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akikaa mle. "Ningemwambia nini?" akasema. "Kwamba watu wa hapa watakataa kwa sauti moja? Nyinyi? Nyinyi msioweza kukubaliana nani akae wapi kwenye mkutano? Nikamwambia humu kuna baruti iliyolala. Hakuniamini. Akasema tajiri wake anataka apime tu, kwa hivyo nikamzungusha, nikamwambia akanyage hapa, asikanyage pale, nikiona atachoka lini. Hachoki! Nilikuwa nimeishiwa kabisa. Ndipo Baba Mwende akapuliza filimbi."

Baba Mwende ni mimi. Binti yangu mdogo wakati huo alikuwa Mwende, ndio kwanza ameanza kukimbia kimbia. Mnataka niseme nilimwomba msamaha yule mama? Sikumwomba. Niliuliza, "Na tutajuaje kama hata hili si uongo?" Akacheka kwa sauti. "Baba Mwende, wewe ungeshuku hata maziwa ya mama yako."

Yule tajiri hakurudi. Malori yake yalipata pengine. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko nilivyofikiri. Kibera nzima ilikuwa imesikia filimbi. Kibera nzima ilikuwa imemwona mtu anakimbia na kiatu kimoja. Kufikia jioni kila mama alikuwa amemwambia mtoto wake, ukionekana kule kware nitakuvunja mguu, kuna baruti. Watu wa mjengo waliokuwa wakikata njia kupitia shimoni wakaanza kuzunguka juu. Jumapili hakuna aliyekuja kwenye mkutano. Na huko chini Mama Nafula anapika sufuria nzima ya githeri, jioni anaila na watoto wake, na kesho tena githeri ile ile. Mwisho akapunguza sufuria. Kisha moshi ukawa hauonekani siku nyingine.

Akaja nyumbani kwangu. Hakukaa. "Wewe ndiye ulipuliza ya kutoka," akaniambia. "Sasa puliza ya kurudi."

Nikaenda nikapuliza. Milio mifupi mifupi, kama zamani, mpaka mashavu yakauma. Watu wakatoka, wakasimama juu ya ukingo, wakaangalia. Hakuna aliyeteremka. Kijana mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, kama ni salama, mbona wewe uko hapa juu na sisi?"

Nikatia filimbi mfukoni nikaondoka. Na nitawaambia kwa nini, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Mlipuko wa mwisho kabisa, siku kware inafungwa, mimi nilihesabu ukapungua mmoja. Makokha akasema zimetimia, mbili zililia pamoja. Nikapuliza salama kwa neno lake, lakini moyoni sikukubali kamwe; siku ya bwana wa futi ni hasira tu iliyonishusha. Mama Nafula alitunga uongo wake kutoka kichwani mwake. Hakujua kwamba mimi nilikuwa nikilala nao huo uongo tangu zamani, nikijiuliza kama ni uongo.

Nilimwendea Makokha. Alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, amechoka na Nairobi. Nikamwambia haendi popote mpaka tuonyeshane. Alinitukana kidogo kwa Kiluhya, kisha akachukua kofia. Tukateremka, yeye mbele, na madebe ya maji na brashi za kuoshea, bila nyundo, bila chuma. Sikilizeni hili vizuri kwa sababu mtalihitaji. Tundu la baruti likishalipuka, nusu yake hubaki imechorwa kwenye ukuta wa jiwe, kama mfereji mdogo ulionyooka. Baruti iliyolala haiachi mfereji. Tukaosha ule ukuta shubiri kwa shubiri, tukitoa matope na vumbi la miezi yote ile, na Makokha anaweka kidole chake kwenye kila mfereji, ananitazama, anasema, "Hesabu mwenyewe." Mmoja haukuonekana. Makokha akaenda hadi kwenye ukuta ule mweusi nyuma ya jiko la Mama Nafula, akasugua masizi kwa mkono wake. Ukatokea. Yule mama alikuwa ameupikia moshi juu yake.

Zikawa zimetimia. Niliuona kwa macho, nikaugusa kwa kidole. Na kesho yake Makokha akapanda basi la kwenda kwao, akanipungia mkono dirishani, na mimi nimesimama stendi nikijiuliza, mbona ana haraka hivi?

Ndivyo kulivyo kushuku, vijana. Hakukuulizi kama umeona.

Jumapili iliyofuata, watu wametoka kanisani, nilimvalisha Mwende gauni lake, nikamshika mkono. Mke wangu aliniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia. Akajifunga leso na kutufuata, na najua alinitazama mgongo njia nzima. Juu ya ukingo walikuwa wamejaa. Watu wa kwaya, wazee wa Makina, vijana wa mpira, na wale wenzangu wa nyundo. Huko chini Mama Nafula alikuwa amewasha moto. Sufuria moja ndogo ya uji, na vikombe amevipanga vingi, vingi kuliko uji wenyewe. Watoto wake watano wamekaa kando yake wametulia, kama watu walioambiwa wakae hivyo.

Nilianza kuteremka zile ngazi tulizochonga wenyewe kwenye jiwe. Moja, nyingine. Mwende anaruka ruka. Nilipofika ngazi ya mwisho miguu ikagoma. Sidanganyi. Nimeona mifereji yote, nimeigusa, na miguu inasema hapana. Na hapo hapo Mwende akaona uji. Alimjua Mama Nafula vizuri, alikuwa akimpa mkate. Akachomoa mkono wake mkononi mwangu akakimbia, miguu mitupu, moja kwa moja katikati ya kware.

Nilifungua mdomo nimwite arudi. Na nikajua, nikimwita, basi. Watu wote hao juu wangesikia sauti yangu ilivyo, na hakuna hata mmoja ambaye angeteremka humo maisha yake, na yule mama angekusanya mawe yake matatu aende nayo asikojua. Nilifunga mdomo nikauma ulimi. Niliona tu nyayo zake zikipiga chini, pa, pa, pa, na kila pa ilinigonga kifuani.

Alifika. Mama Nafula akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea kikombe mkononi, akampulizia uji upoe. Kisha yule mama akainua uso akanitafuta, akanikuta bado nimeshikilia ukuta pale kwenye ngazi ya mwisho. Hakucheka safari hii. Akachukua kikombe kingine, akakijaza hadi juu, akaninyooshea kutoka mbali.

"Baba Mwende," akasema, "mtoto ameshafika. Wewe unangoja nani?"

Ndipo nikateremka.